Nchi Ambako Kuguna ni Kosa

Usiniulize nilifikaje Birimbini. Nilifika, nikapewa kigoda, nikawekewa kambale kwenye sahani ya bati. Nikaonja. Hana chumvi hata punje, amekolezwa kwa birimbi na jivu. Mwenye nyumba, mama mmoja mnene wa sauti laini, akanitazama ninavyotafuna, akasema, "Huyo, bibi, ndiye kambale mtamu kuliko wote duniani."

Nikaguna. Mh. Mguno mdogo tu, wa kwangu wa kila siku, hata mume wangu marehemu alikuwa hausikii tena.

Yule mama akaweka mwiko chini. Akaenda mlangoni, akaita nje bila hasira, kama mtu anayeita kuku: "Ameguna huku."

Wakaja askari wawili. Hawakunishika, walitembea mmoja kila upande wangu kwa adabu nyingi, na mimi adabu ikizidi huwa naangalia mlango uko wapi. Wakanifikisha kwenye nyumba yenye kibao: OFISI YA MAKOO. Ndani alikaa Karani Pazi, mtu wa makamo mwenye kalamu tatu mfukoni. Akaniambia nifumbue mdomo, akanichungulia koo kwa kioo, akaandika.

"Umeguna kwa nini?"

"Samaki hana chumvi, baba."

"Ulisema hana chumvi?"

"Sikusema."

"Basi hapo ndipo kosa lilipo. Kusema ni maoni, na maoni yana fomu yake. Mtu anaijaza, tunaipokea, inapotea. Mguno hauna fomu, bibi. Mguno unakaa kwenye masikio ya watu."

Hukumu yangu ilikuwa kukaa kwenye benchi la nje na maji mdomoni hadi jua lifike utosini. Ukimeza, unaanza upya. Nilianza upya mara mbili, kwa sababu maji yenyewe yalikuwa matamu kuliko yule samaki.

Mbele ya benchi kulikuwa na ukuta wa baraza, umechorwa picha kutoka pembe hadi pembe. Mtu mmoja amesimama juu ya tope, amebeba wanaume wanane mgongoni, na kwapani amembana nyati. Kichwa cha yule mtu kilikuwa kikubwa hata mchoraji akaishiwa ukuta, kofia akaichora kwenye bati la paa. Nilitaka kucheka, ila nina maji. Askari aliyenilinda akanieleza, naye alitazama pembeni wakati wote akisema.

Yule wa kwenye picha ni Bwana Kapungu. Nchi ya Birimbini imepakana upande mmoja na Tope Kuu, na ng'ambo ya tope, wazee walisema, kuna chumvi. Miaka kumi na miwili nyuma walikwenda wanaume tisa kuitafuta, wamefungana kamba moja kiunoni. Siku ya arobaini akarudi Kapungu peke yake. Akasema wenzake wamekufa mmoja mmoja kwa kiu na nyati, naye aliwabeba wote mgongoni mpaka walipomwomba awaache. Chumvi aliifikia, akajaza gunia, ikamwagika alipopigana na nyati wa mwisho.

Birimbini, hadithi kama hiyo haiachwi ovyo. Ina sheria yake. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu, shujaa ataisimulia mbele ya watu wote, na kila mwaka ataongeza kipya kimoja, ili taifa lisichoke. Hasimulii peke yake. Anapewa mwitikiaji wa serikali, wa kumjibu "Naam" kila anapovuta pumzi, na mwitikiaji ana haki ya swali moja tu kwa mwaka, la kuisogeza hadithi mbele. Jibu linaandikwa na Karani. Hadithi ikisimuliwa miaka kumi na miwili bila mtu kuguna, inaacha kuwa hadithi. Inakuwa njia ya nchi. Kesho yake mwenye hadithi ataitembea mbele ya watu, vilevile kama alivyosema, nao watamfuata wakachote chumvi.

"Na akigunwa?"

Niliuliza baada ya kutema maji, jua lilikuwa limefika.

"Hadithi iliyogunwa inarudi kuwa maneno," alisema askari. "Shujaa anatoka kwenye nyumba ya serikali. Na aliyeguna siku ya kumbukumbu anafukuzwa nchini, yeye na watoto wake. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kuguna."

"Mwaka huu ni wa ngapi?"

"Wa kumi na mbili. Keshokutwa."

Jioni hiyo nilimwona Kapungu mwenyewe akipita sokoni. Alikuwa mtu wa kiwiliwili kikubwa, anatembea ametanguliza tumbo, na nyuma yake vijana wanane wa kumlinda kwa heshima. Kila aliyempita alimwinamia, akamtilia kitu mkononi: andazi, ndizi, paja la kuku. Wakamsifu rangi, wakamsifu mapaja. Nimekulia nyumba yenye mifugo. Nilijua nimeona wapi watu wakimlisha kiumbe hivyo na kumpapasa mbavu.

Siku ya pili, watu wamelala mchana, nikasikia mtu anakohoa nje ya dirisha la chumba nilichopewa. Kapungu. Amewaacha walinzi wake chini ya upenu, amewaambia anakwenda kumpa mgeni baraka. Akaingia, akakaa bila kukaribishwa, akatazama pembe zote nne za chumba, na chini ya kitanda.

"Bibi, nasikia una tatizo la koo."

"Naambiwa."

"Si tatizo. Ni kipaji." Akasogea. "Mimi nimeshatembea nchi saba, nimesikia koo za kila namna. Lako naambiwa lilisikika mpaka kwa majirani."

"Mh," nikasema, na mlango ulikuwa umefungwa.

Macho yake yakajaa maji. "Hapo, hapo hasa. Kesho, bibi, nikisimulia, utafanya hivyo mara moja tu. Wewe mgeni, wakikufukuza unakwenda kwako. Nimekuandalia na vitenge vinne."

"Kumbe unaogopa tope."

"Mimi?" Alicheka, akakatisha akatazama dirisha. "Kapungu hajawahi kuogopa kitu. Ni kwamba nawahurumia wao. Nikiwatangulia kwa mwendo wangu, watanifikia wapi?"

"Basi nenda polepole."

Kisha akasema kwa sauti ambayo haikuwamo kwenye picha ukutani, "Nilisema sikuwa na fimbo. Nilisema kamba niliitupa, shujaa hafungwi. Nilisema sikuvaa viatu, na kwamba tope gumu nalijua kwa kunusa. Vyote vimeandikwa, bibi. Keshokutwa nitakwenda mbele, mikono mitupu, nanusanusa."

"Nani alikutuma useme yote hayo?"

"Niliulizwa," alisema.

"Si useme tu kwamba ulidanganya? Mdomo ni wako."

Akainuka. Tumbo likarudi mbele. "Niseme mwenyewe? Mbele ya watu wanaonijua? Nitaishi vipi, bibi?" Akatoka, nikamsikia huko nje akiwaambia vijana kwamba amenigusa kichwa na baridi yabisi yangu imepona.

Baridi yabisi sina.

Hata chai sijainywa, akaja mwanamke. Mwembamba, amejifunga kanga kiunoni kama mtu wa kazi, ameshika kikombe. "Hodi, bibi. Naitwa Sikudhani. Ndimi ninayemwitikia Bwana Kapungu. Nimekuletea asali na tangawizi, ya koo."

Nikakitazama kikombe. Akaelewa, akakinywa nusu mbele yangu, akanipa. Hata hivyo nilinusa.

"Amekuja hapa," alisema.

"Nani?"

"Bibi, tusichoshane. Amekuja, amekuomba ugune. Na mimi nimekuja kukuomba umeze."

Nikamwuliza ana nini na yule mtu. Akakaa chini mkekani, akanieleza kwa utaratibu, kama anayehesabu vyombo vilivyooshwa. Mumewe, Madenge, alikuwa mmoja wa wale wanane. Mwaka wa kwanza wa kumbukumbu serikali ilimpa yeye kazi ya kuitikia, kama heshima kwa mjane. Akakubali, kwa sababu ya lile swali moja.

"Sikuwa na hila mwaka ule. Nilimwuliza tu mume wangu alisema nini mwisho. Akanijibu mbele ya watu: Madenge alisema, 'Kapungu, wewe ni simba.'" Alinyoosha kanga gotini. "Bibi, Madenge hakuwa mtu wa kusifu. Mimi mwenyewe siku ya harusi aliniambia nimependeza kiasi. Hapo nikajua kwamba huyu hajui Madenge alisema nini."

"Ukaguna?"

"Nina mama mgonjwa na watoto wawili. Ningewapeleka wapi? Nikasema 'Naam'. Mwaka wa pili nikamwuliza, 'Na fimbo yako, bwana, ilikuwa ya mti gani?' Akasema, 'Fimbo ya nini?' Karani akaandika. Mwaka wa tatu nikauliza habari ya kamba. Wa nne, viatu. Kila mwaka nilichukua kitu kimoja."

Nikamtazama mikono. Ilikuwa imetulia kabisa, na ndiyo iliyonitisha. "Unataka afe."

"Nataka aende."

"Ataenda wapi, mwanangu, bila fimbo wala kamba?"

"Alikosema amekwenda. Akifika, nitajua Madenge yuko wapi. Asipofika, nitajua vilevile kwamba hakuwahi kufika." Akachukua kikombe chake. "Miaka kumi na miwili, bibi. 'Naam, naam, naam.' Koo likikuwasha, meza."

Sikufanya amani na yeyote usiku ule. Huyu ananipa vitenge, huyu ananipa asali, na wote wawili wanataka koo langu. Mwanamke alikuwa na haki, lakini haki yake ilikuwa na tope mwisho wake, na mtu kuzama si jambo la kunyamazia. Nikaamua nitaguna. Ila nitaguna mwisho kabisa. Mimi ni mbaya, najijua. Nilitaka kwanza nimwone akitokwa jasho.

Siku ya kumbukumbu watu walijaa uwanjani asubuhi na mapema. Jumbe Feruzi, mkuu wa nchi, alikaa katikati na wazee wa baraza, Karani Pazi pembeni na kitabu. Mimi nikawekwa mstari wa mbele, askari kila upande, na mbele yangu bakuli la maji kwa tahadhari.

Kapungu akaanza. "Tulitoka tisa."

"Naam," akaitika Sikudhani.

"Tope likatufika magotini."

"Naam."

Akanitazama. Mimi nikatazama kunguru juu ya paa. Akapandisha kidogo: nyati hawakuwa kumi, walikuwa mia. "Naam." Akanitazama tena. Nikajikuna. Ndipo nikaelewa anachofanya. Aliona mimi sigeuki, akaamua kumtafuta mgunaji mwingine yeyote, kwa kusema neno ambalo hakuna koo la binadamu litalipitisha. Akasema alimmeza nyati mmoja mzima na pembe zake. Mzee mmoja akajiziba mdomo kwa kilemba. Akasema mwezi ulishuka ukamwuliza njia, akauelekeza. Mwanamke mwenye mimba akatolewa nje anatetemeka mabega. Akasema, kwa sauti ya mtu anayelia, kwamba maili za mwisho alizitembea kwa mikono, miguu juu, macho amefumba.

"Naam," akasema Sikudhani, na Karani akaandika: kwa mikono, miguu juu, macho amefumba.

Kapungu alisikia ile kalamu. Ndipo alipoona kwamba kila neno alilolitupa ili limwokoe, limeingia kwenye safari ya kesho. Jasho lilimtoka mpaka kanzu ikamganda. Na watu elfu nzima walikuwa kimya, wanatabasamu. Sijaona tabasamu baya kama lile. Kumbe hakuwa Sikudhani peke yake. Nchi nzima ilikuwa imemeza mguno kwa miaka kumi na miwili, na mguno uliomezwa hauozi.

Sikudhani akasimama. "Swali langu la mwaka, bwana. Kesho ukitutangulia, tusimame umbali gani nyuma yako?"

Nilifungua kinywa. Nasema kweli, nilikuwa nimeshavuta pumzi.

"Mh," ukasikika.

Askari wote wawili wakanigeukia. Lakini haukutoka kwangu. Kapungu alikuwa ameinamisha kichwa, na koo lake lilikuwa bado linacheza.

Baraza liliingia kwenye mjadala ambao sijui niueleze vipi bila kuonekana natania. Mzee wa kwanza alisema mguno ni wa msikilizaji, na msimulizi si msikilizaji, basi hakuna mguno. Wa pili akauliza, kama Kapungu hajisikilizi mwenyewe, ni nani basi aliyekuwa akimsikiliza kwa furaha hivyo miaka yote. Wa tatu akapendekeza iundwe kamati. Karani alifunua sheria kutoka mwisho kwenda mwanzo. Hatimaye Jumbe Feruzi akasema, huenda ni kikohozi tu. Ikiwa kikohozi, safari ipo kesho kama ilivyoandikwa. Na kwa kuwa nchini hakuna aliyewahi kuguna hadharani, mtaalamu aliyepo ni mmoja.

Wakanisimamisha.

"Bibi," alisema Jumbe, "sema kwa haki. Ule ulikuwa mguno au kikohozi?"

Kapungu akaniinulia macho. Sikudhani hakunitazama kabisa. Alitazama Tope Kuu, huko nyuma ya nyumba, na mdomo wake ulikuwa umebana kama mtu anayeshikilia sindano.

"Jumbe," nikasema, "nimeguna tangu sijaota meno ya pili. Kile hakikuwa kikohozi. Ulikuwa mguno, tena wa chini kabisa, wa tumboni."

Watu wakashusha pumzi kwa hasira. Kapungu akafumba macho, akaanza kutabasamu.

"Ila sijamaliza. Mimi nilipoguna, Karani hapa aliniuliza sababu. Aliandika kwanza sababu, ndipo akanihukumu. Au sheria ya mgeni si ya mwenyeji?"

Jumbe akamgeukia Karani. Karani akafikiri, akatikisa kichwa kukubali. "Ni kweli. Mgunaji huulizwa sababu, na lazima ajibu."

"Nani atamwuliza?" akauliza Jumbe.

"Mwitikiaji," nikasema, kabla wazee hawajaunda kamati. "Ndiye aliyekuwa kwenye zamu."

Sikudhani akageuka polepole. Miaka kumi na miwili alikuwa na swali moja kwa mwaka, na hili halikuhesabiwa. Akamsogelea Kapungu mpaka vidole vya miguu yao vikakaribiana.

"Umeguna kwa nini, bwana?"

Kapungu akajibu, na hakuna aliyeitika.

"Kwa sababu hatukufika kokote. Nilikuwa wa nyuma. Madenge alizama mbele, akamvuta wa pili, wa pili akamvuta wa tatu. Ilipoanza kunivuta mimi, nikakata kamba."

"Wapi?"

"Si mbali."

"Wapi, Kapungu?"

Akanyoosha mkono. "Pale nyuma ya matete ya kwanza. Mkabala na mawe ya kufulia. Mnacheka, nawasikia, kila siku mnafua na kucheka. Siku arobaini zote nilijificha kwenye matete, nawasikia mkicheka."

Wanawake walianza kutazamana, wale wanaofua pale, na mmoja akaketi chini, akajifunika kanga kichwa.

Baraza likatangaza kwamba hadithi imerudi kuwa maneno. Safari ya chumvi imefutwa. Habari ya kumfukuza mgunaji ikaachiwa kamati. Kapungu anatakiwa aonyeshe mahali, na kwa kuwa sasa si shujaa, anaruhusiwa fimbo, viatu na kamba. Jumbe akauliza nani atashika kamba. Wale vijana wanane wa heshima wakatazama chini.

"Nitashika mimi," akasema Sikudhani.

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwenye mawe ya kufulia pamoja na nchi nzima. Sikudhani alimfunga Kapungu kiunoni kwa mkono wake, akajizungushia upande wa pili mwilini. Ubavuni, ndani ya mkunjo wa kanga, nikaona mpini wa kisu. Kapungu naye aliuona. Akaingia topeni akipapasa kwa fimbo, hatua kwa hatua, bila kunusa kitu. Walifika kama hatua mia, yeye mbele, Sikudhani nyuma penye tope gumu, akasimama. "Hapa," alisema, na tope likamla mpaka kifuani.

Watu wakaleta miti mirefu, wakatandaza majamvi na mbao, wakachokoa. Saa ya kwanza hakuna. Kisha mti mmoja ukanasa, wakavuta, ikaja kamba nyeusi, na kwenye kamba mfupa. Kisha mwingine. Walikuwa bado wamefungana. Kamba ilipotoka mpaka mwisho wake, Karani Pazi aliiinua bila kusema. Haikuwa imekatika kwa kuchakaa. Ilikuwa imekatwa, safi, kwa pigo moja.

Tope lilikuwa limempanda Kapungu makwapani. Alikuwa anamtazama Sikudhani mkononi, si usoni. Yule mwanamke alitazama ncha ya kamba ya zamani, akatazama kamba iliyomkaza yeye tumboni. Mkono wake mmoja ukashuka kwenye mkunjo wa kanga. Ukakaa hapo. Pale ufukweni, nawaambia, hakuna ambaye angemlaumu.

"Shika, dada," alisema Kapungu. Maneno mawili. Sijui kama aliwahi kusema machache hivyo maishani.

Mkono ukatoka mtupu, ukarudi kwenye kamba.

"Nimeshika," alisema Sikudhani. "Lakini ulikuwa wa nyuma. Utatoka wa nyuma."

Wakatolewa wanane kwanza, mmoja mmoja, kila mmoja akifunikwa nguo na watu wake. Kazi ilichukua hadi alasiri. Muda wote huo Sikudhani alisimama, visigino vimezama, kamba inamchuna mikono mpaka ikawa nyekundu, na kila Kapungu alipoteleza yeye alirudi nyuma hatua moja akakaza. Madenge alijulikana kwa bangili ya shaba. Sikudhani alimtazama alipopitishwa, kwa muda mfupi. Hakuiachia kamba.

Wa tisa akavutwa mwisho, akaja kwa tumbo, kama kambale. Akapewa maji, akanywa. Akafuta uso. Watu walikuwa wamemzunguka, na nikaona kile kitu kikimrudia polepole mabegani, tumbo linajaa, kidevu kinapanda. Akawatazama wote.

"Nilipokuwa mle," alianza.

Akasubiri "Naam".

Sikudhani alikuwa ameinama kwenye jiwe la mwisho, amewapa watu mgongo, anaosha bangili.